Kahawa Mfukoni

Shangazi yangu wa Muleba hukaribisha wageni kwa kahawa ya kutafuna. Mwaka jana aliniona nikizitia punje zangu mfukoni.

"Msomi, kahawa yangu imekukosea nini?"

Nikakiri kwamba gego linacheza. Tena, tangu fizi zianze kutoa damu, niliacha kupiga mswaki upande ule ili nisiziumize. Alicheka hadi akaketi chini, kisha akaniitia bodaboda ya kwenda hospitali.

Daktari wa meno hakucheka. Alisema utando wa bakteria ulikuwa umeshuka chini ya fizi kwa sababu mimi mwenyewe niliuachia nafasi. Mwili, katika kupigana nao, ulikuwa unamomonyoa mfupa unaoshika gego, kama mtu anayechoma nyumba ili kufukuza panya.

"Mfupa uliokwisha haurudi, mzee. Tuulinde uliobaki."

Akasafisha hadi chini ya fizi, akanirudisha kwenye mswaki kama mtoto wa chekechea.

Majuzi shangazi alinipa tena punje tatu, huku macho yake yakiwa kwenye mfuko wangu. Nilizitafuna zote kwa gego lile lile, ambalo sasa limetulia, polepole, nikamshukuru kwa kunichungulia siku ile.