Jengo Lipo, Mtu wa Usingizi Hayupo

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji, kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia nilijua siwezi kuzalia popote tu. Nilitaka nikakae mjini Tukuyu, karibu na hospitali, nisubiri siku zangu. Muuguzi wa kliniki akanicheka. "Mama, kituo chetu sasa kina chumba cha upasuaji. Mjini unakimbilia nini?"

Kweli kilikuwepo. Siku wageni walipokuja kukizindua tulipiga vigelegele, na ndizi walizokula tulizimenya sisi. Nikaamini, mjinga mimi.

Uchungu uliponishika, asubuhi ya mvua, nikaenda kituoni na mama mkwe, nikaambiwa mtoto hashuki. Chumba kikafunguliwa. Kitanda kilikuwa bado kimefungwa nailoni.

"Mtu wa kutoa dawa ya usingizi hajaletwa," muuguzi akasema, safari hii bila kucheka.

Hajaletwa! Tangu jengo lizinduliwe! Na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mjamzito mwenzangu.

Gari jingine la karibu lilikuwa pikapu ya baba mkwe, ya kubebea ndizi; akaitwa, akaja nayo hadi mlangoni mwa kituo. Sasa, kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Mama mkwe akaanza kuhangaika kutafuta dereva mwingine. Mzee akamkatiza, akanigeukia mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwanangu, panda mbele."

Aliendesha kwenye utelezi ule huku akinisemesha njia nzima ili nisipoteze fahamu. Hospitalini walinipasua mara tu tulipofika. Mimi nilipona. Binti yangu alikuwa ameshafia tumboni.

Baadaye akaja kijijini bwana mmoja wa ofisi ya afya kutuelimisha. Akasema wajawazito wanachelewa kufika hospitali kwa sababu ya mila. Nikasimama, mshono bado unauma, baba mkwe ameketi mbele yangu.

"Mzee huyu mila yake aliiweka kando palepale mlangoni," nikasema. "Ninyi mtu wa usingizi mnamleta lini?"

Bwana yule akatabasamu. Akajibu kwamba wodi mpya ya wazazi itaanza kujengwa hivi karibuni, na watu wakampigia makofi.