Alama ya Chaki Mlangoni kwa Susu

Harufu ya chaki hunirudisha kijijini Mwala hata leo nikiwa na mvi. Karani wa sensa alipoandika nambari kwenye mlango wangu hapa Komarock, Nairobi, vumbi lile jeupe lilinipanda puani na mara nikawa mtoto tena, nimesimama uani kwa bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wakamba tulimwita Susu.

Nilikulia mtaa wa Jericho mjini Nairobi, kwenye nyumba ya baraza la jiji yenye vyumba viwili. Baba alikuwa dereva wa lori, na kila ndugu yake aliyekuja Nairobi kutafuta kazi alifikia kwetu kwanza. Akipata kibarua kiwandani anahamia mabanda ya Mukuru, na mkeka wake haujapoa mwingine ameshafika. Asubuhi kupata zamu ya choo ilikuwa vita. Nilidhani dunia nzima imejaa hivyo.

Sensa ilipokaribia, Susu alitutumia ujumbe kupitia kondakta wa basi la nyumbani: wote waliotoka kwake waje walale kwake siku hiyo. Baba alinung'unika, maana kuomba ruhusa kazini haikuwa mchezo, lakini neno la mama yake hakuwahi kulipinga. Jirani yetu Mama Rukia, mzaliwa wa Mombasa, alitucheka alipotuona tukifunga mizigo.

"Yaani mwaenda mbali hivyo kuhesabiwa? Sisi tutahesabiwa papa hapa. Jericho ndiko kwetu."

Nilimwonea wivu binti yake Rukia, aliyebaki na uwanja mzima wa kuchezea kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

Kwa Susu tulipokelewa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliopikwa kwenye chungu kikubwa ajabu, ambacho sikuwahi kukiona kikitoka darini. Mikeka alikuwa ameiazima kijiji kizima. Baba na ndugu zake, wanaume wenye ndevu, waligombania nafasi karibu na moto kama watoto, naye Susu akapita katikati yao akitugusa vichwa na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Sijawahi kulala nikiwa nimebanwa vile, na sijawahi kulala vizuri vile.

Asubuhi karani akaja, kijana aliyelowa jasho kwa kupanda vilima.

"Mama, waliolala hapa jana ni wangapi?"

Kwa wazee wetu, kutamka idadi ya watoto wako ni kuwaitia balaa. Basi Susu akatuita sote nje, akatupanga ukutani.

"Macho unayo, mwanangu. Hesabu mwenyewe."

Kijana alihesabu, akapotea kwa sababu wadogo hawakutulia, akaanza upya. Susu hakumharakisha. Naamini alifurahi kila alipopotea. Mwishowe karani akaandika alama yake ya chaki mlangoni akaenda zake, na mchana huo huo nasi tukapanda basi kurudi mjini.

Likizo ya Desemba nilipelekwa tena Mwala. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ila alama ile mlangoni ilikuwa imekolea kama ya jana, na pale dirishani palikuwa na kipande cha chaki. Chungu kikubwa kilikuwa kimerudi darini. Nilidhani Susu anaikoleza alama ile kwa kuiogopa serikali.

Sasa najua hakuiogopa hata kidogo. Sisi tuliojazana Jericho ndio tulioacha nyumba yake tupu, naye alitaka serikali yenyewe ishuhudie kwamba iliwahi kujaa. Inaniuma kwamba nilikimbilia basi bila kugeuka nyuma.

Wanangu wako mbali siku hizi, mmoja Doha, mwingine Eldoret, nami nabaki kufagia vyumba visivyolaliwa. Ndiyo maana yule karani wa hapa Komarock, msichana mpole, aliponiuliza tuko wangapi, nilimfungulia mlango wote.

"Macho unayo, binti yangu," nikamwambia. "Hesabu mwenyewe."

Akachungulia sebuleni nyuma yangu, akanitazama usoni, kisha akaandika moja.