Muhogo Nilioupaka Mikanda ya Bunduki

Mimi ni mwongo, ndugu zangu, tena mwongo wa unga wa muhogo. Chekeni mkitaka! Hata leo nikiwekewa uji mweupe mezani nageuza uso.

Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na Jinja ilikuwa inajifunza tena kutembea barabarani bila kukimbia. Mkubwa wa kambi moja akaamua askari wapige gwaride mbele ya wananchi kwa bunduki za zamani za mazoezi, zile zisizoua hata nzi. Alitaka watu waache kuogopa. Wazo zuri! Shida ilikuwa bunduki zenyewe: mitutu kutu tupu, vitako vimeliwa na mchwa, mikanda iliyopaswa kuwa myeupe imekuwa myeusi kama soksi za askari.

Kazi akapewa Sajini Okiror, mzee wa kabila la Wateso. Akanichukua mimi, seremala wa Mafubira, pembeni mwa Jinja. Mimi ni Mnubi, babu zangu walikuwa askari, na siku hizo watu wa kwetu tulitazamwa kwa jicho baya, tukihesabiwa upande wa walioshindwa vitani. Sajini hakujali.

"Wewe najua mbao," aliniambia. "Hiyo natosha."

Tukasugua kutu kwa mafuta ya taa, tukapiga vitako msasa. Mikanda akaniachia mimi, pamoja na kopo la dawa nyeupe ya kung'arishia mikanda lililopatikana kwa taabu kutoka Kenya. "Paka nyembamba, anika kivulini, rudia tena."

Sasa sikieni ujinga. Sajini alikuwa na binti, Amoding, aliyeishi na mama yake Namatala, kule Mbale. Tulikuwa tumeahidiana ndoa. Akaniambia rafiki yake anaolewa, na viatu vyake vyeupe vimegeuka rangi ya chai. Mimi bwana mapenzi nikabeba kopo hadi Mbale, bila kusema limetoka wapi. Lote! Wasimamizi wote wa harusi wakapaka viatu, mimi nikisifiwa.

Kurudi Jinja nikakoroga unga wa muhogo kwa maji, nikapaka mikanda. Ilipokauka ilikuwa myeupe pe! Sajini, macho yamemchoka, akanipiga bega: "Kijana, umetengeneza!"

Siku ya gwaride bendi ikaanza, na mvua nayo ikaanza.

Mama yangu! Uji uliteremka mabegani, ukapita vifuani, ukaingia suruali. Kuku wakavamia uwanja, wanadonoa buti za askari. Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Banange, jamani! Jeshi imeleta uji, sukari iko wapi?" Watu waliokuwa wakijificha wakiona gwanda wakacheka hadi kushika mbavu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Mkubwa hakucheka. "Nani alipaka hii takataka?"

Nikatazama matope. Nilijua wakisikia ni Mnubi watasema ni hujuma, nimetumwa. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini ulimi nilikuwa nao!

"Kazi ni yangu, afande," Sajini akasema.

Akavuliwa cheo pale pale kwenye mvua, akarudishwa nyumbani kwake Mbale. Nami nikaendelea kutazama matope!

Nikaenda Mbale kumpa pole, eti. Nikakaribishwa chai. Mzee akatikisa kichwa: "Ile dawa nimetumia tangu ujana. Haijayeyuka hata siku moja."

Amoding akaweka kikombe chini. Akanitazama mpaka nikatamani kuingia chini ya kiti.

"Baba," akasema, "dawa yako tulipaka viatu. Huyu ndiye aliyeileta."

Mzee akanigeukia. "Wewe uliweka nini?"

"Muhogo, afande."

"Muhogo?" Akacheka, akacheka, akajipangusa macho. Sijui kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko. "Mimi nimesamehe wewe. Lakini si mimi ulitaka kuoa. Uliza huyu."

Huyu alikuwa ameshafungua mlango, ananionyesha barabara.

Nilirudi kambini nikasema ukweli. Nikafukuzwa kwa matusi, na cheo cha mzee hakikurudi. Amoding aliolewa na askari magereza, mnene, asiyejua hata kushika randa! Mzee naye amekufa, na kwenye mazishi walimtaja Bwana Okiror tu. Sajini hakuna.

Ndugu yangu, ukiharibu, sema hapo hapo kwenye matope. Wakucheke, wakuchape, yaishe. Ukingoja hadi ukaribishwe chai, utasamehewa kweli, lakini uliyemponza hatarudishiwa kitu.