Harusi Iliyokuja na Lori la Pamba

Kwa miaka mingi nilikuwa opereta wa simu Musoma, na rafiki yangu mkubwa alikuwa mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Yeye alikuwa opereta wa Bunda. Sisi waopereta tulikuwa tunaitana kwa majina ya miji, basi yeye kwangu alikuwa Bunda, mimi kwake nilikuwa Musoma. Kila asubuhi saa moja na nusu tulijaribu laini.

"Musoma, unanipata?"

"Nakupata, Bunda. Umeamkaje?"

"Nimeamka bila sabuni. Kwenu imefika?"

Ndiyo ilikuwa hali ya nchi wakati ule. Sabuni ilikuwa habari, sukari ilikuwa habari kubwa zaidi. Dizeli ilitoka kwa kibali, na magari mengi mjini yalikuwa yamepandishwa juu ya mawe yakingoja tairi. Simu yenyewe ilifanya kazi siku ikipenda. Ikikubali, tuliongea mpaka msimamizi akohoe.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akiishi Nyasura, pale Bunda. Jioni, laini zikiwa hazina wateja, Bunda alimruhusu asimame kaunta aongee nami. Bunda mwenyewe alikuwa anasikiliza, wala hakuficha. Siku mwalimu alipokusanya ujasiri akaniomba nimuoe, maana ndivyo alivyosema, "nakuomba unioe," ulimi umemteleza, mimi nikapigwa na butwaa. Halafu sauti ya tatu ikaingia.

"Mjibu basi, Musoma! Huyu kaka analowa jasho hapa."

Nikajibu ndiyo.

Tulipanga harusi Jumamosi, saa nne asubuhi, kanisani Musoma. Mama na shangazi zangu walitoka Butiama siku mbili kabla, wamekaa kwenye tela la trekta pamoja na mbuzi wawili na mtungi wa togwa. Walifika wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakacheka, wakaanza kupika. Upande wa bwana harusi waliahidiwa Landrover ya ofisi moja pale Bunda.

Saa mbili na nusu siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyumbani kwangu Kigera, pale Musoma, nusu ya kichwa imenyooshwa kwa chanuo la moto, nusu bado, mara tarishi wa ofisini akaingia uani na baiskeli.

"Dada, unaitwa kwenye simu. Ni Bunda. Anasema usivae viatu, ukimbie tu."

Nikapanda nyuma ya baiskeli hivyo hivyo. Ofisini wenzangu waliniangalia kichwa, wakaniangalia miguu, wakanipa vipokea sauti.

"Musoma, gari halina mafuta," Bunda akasema. "Walikuwa nayo jana, leo yamesafiri na mkubwa mwingine."

Nikaanza kulia. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa barabarani bila kibali. Harusi ingekuwa ya lini?

"Usilie kwenye laini yangu," akasema. "Ngoja hapo."

Nilimsikia akichomeka plagi nyingine, akaongea na kiwanda cha kuchambua pamba. Alibembeleza, akatania, akabembeleza tena. Kulikuwa na lori limeshapakiwa marobota ya pamba, linakuja Musoma kwenye kiwanda cha nguo. Dereva alisema yuko tayari, ila mzigo wake usishushwe, na asiachwe nje wakati wa kula.

"Umesikia, Musoma? Sasa nenda kamalizie hizo nyw—"

Laini ikakatika. Mpaka leo naamini alitaka kusema nywele, ingawa sijui nani alimwambia.

Nikarudi nyumbani, nikamaliziwa kichwa, nikavaa gauni nililoazima. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Padri alitoka nje mara tatu kuangalia barabara. Shangazi mmoja akaanza kuulizia kama yule mwalimu nimemchunguza vizuri. Simu haikuwa inapatikana, kwa hiyo sikuwa na la kufanya ila kukaa kwenye benchi na kukunjua leso.

Karibu saa saba tukasikia vigelegele kabla hatujaona gari. Lori lile lilikuja polepole, juu ya marobota wamekaa watu kama kumi na wawili, wanaimba. Bwana harusi alishuka akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi suti. Shangazi walimpangusa pamba huku wanamcheka, naye anacheka.

Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka mwanamke mfupi, mnene, kitenge cha kijani. Mimi miaka yote nilikuwa namuwazia mrefu, mwembamba.

"Kumbe mdogo hivi!" akasema. Sauti ikawa ile ile. Nilimkumbatia mpaka padri akauliza ni nani anayeolewa.

Kwenye sherehe waliniwekea Bunda karibu yangu. Ajabu, tuliona haya. Tulisifu pilau, tukasifu nyimbo, tukanyamaza. Lakini Jumatatu laini ilipotengemaa, aliniita, tukaichambua harusi ile tangu mwanzo, hadi dereva alivyokula sahani tatu.

Baadaye mambo yalifunguliwa. Sabuni zikajaa madukani, mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombea abiria Bunda, na mitambo ya kujipigia simu mwenyewe ikaingia, tukapunguzwa kazi wote wawili, mwezi uleule. Bunda akaanza kuuza mitumba. Siku za mnada alikuwa anapanda basi la asubuhi kuja Musoma, mchana anakula kwangu. Mara ya kwanza na ya pili tulikula kimya kama wageni. Mara ya tatu alihamishia kiti chake jikoni, nikawa napika nimempa mgongo, namsikia tu kama kwenye laini, naye akaongea mpaka basi la jioni likamwacha.