Mtungi Niliokataa Kuupeleka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifungwa jela kwa kosa la kumpelekea baba yangu uji. Nalisema bila kuinamisha kichwa, na wewe usinihurumie.

Baba alikuwa mkulima wa maharagwe kwenye vilima vya juu ya Lushebere. Mama alipofariki, akazama katika kanyanga, ile pombe kali inayopikwa vichakani. Aliuza mbegu, akauza mabati. Siku moja nikamwaga kidumu chake chote mbele ya wageni wake. Akanishitaki, na hakimu akaandika kwamba nisikanyage lupango, yaani ua wa nyumba yake, mpaka ukoo utupatanishe.

Sasa sikia vizuri. Kwetu, mtoto aliyemkosea baba hupatanishwa kwa mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi. Wazee wanaonja, baba anakunywa, neno linakwisha. Desturi nzuri, siitukani. Lakini baba yangu alikuwa anakufa kwa pombe, na dawa waliyoniagiza ni pombe! Nikakataa. Wakaniimbia ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu hii hapa, bado inapanda mlima.

Mdogo wangu aliponiambia kwamba baba hajala na hawezi kuinuka, nilipika uji nikavuka ua. Amri niliijua. Nikamlisha kwa kijiko. Baba mdogo akaniona, na kabla ya jua kuzama polisi walikuwa wamenifikisha gerezani Masisi.

Gerezani unakula unacholetewa na ndugu zako, na wangu walikuwa wamenuna. Baba mdogo alikuja mikono mitupu.

“Leta kasiksi, mambo iishe. Ile njo desturi yetu.”

“Papa, muntu anazama mu mayi, munamuongezea mayi?”

Akatema mate, akaondoka. Nililia, ndiyo, mimi si jiwe. Lakini sikutuma mtu kununua mtungi.

Siku chache baadaye jibu langu likasimuliwa kilabuni kama kichekesho, baba akiwa ameshainuka kitandani na amekaa palepale. Wote walicheka isipokuwa yeye. Kesho yake alisimama mbele ya hakimu.

“Huyu mutoto iko na kichwa nguvu,” alisema. “Lakini bote wananiletea ya kunywa. Yeye peke njo ananiletea ya kula. Mumufungue.”

Hakimu akauliza, na upatanisho je? Baba akajibu kwamba utakuwa kwa maziwa. Nikafunguliwa, akayaomba kwa jirani yetu mfugaji, tukanywa uani katika kikombe kimoja, wazee wakitutazama kwa jicho baya. Sikudanganyi kwamba alipona siku hiyo. Aliteleza mara nyingi, nami nikamwaga mara nyingi. Lakini alikufa mzee, shambani kwake, akilijua jina langu.

Basi, mwanangu, mheshimu mzazi wako, ila heshima si kumjazia kikombe kinachomuua. Amri ya hakimu iheshimu pia. Ikikubidi kuivunja kwa ajili ya uhai wa mtu, ivunje mchana, kisha utoe mikono wakufunge, usikimbie. Na desturi ikitaka kumzika aliye hai, ikatae mbele ya wenyewe.

Mungu akulinde, wazazi wako wazeekee mikononi mwako. Na watakapokuita mkaidi, akupe sauti ya kuitika.