Kumfuata Ndama Hadi Doldol

Safari hii sikuipanga. Dada yangu Nyambura, aliyeolewa Doldol, alipiga simu asubuhi akasema ndama wa mama ana joto kali na amekataa maziwa. Mama alikuwa amempeleka ndama huyo kwa binti wa Nyambura, mjukuu aliyepewa jina lake, Njeri, ili siku moja mtoto asikose maziwa. Mama akiuza ndama, mnunuzi huja na kamba yake. Huyu aliondoka na kamba yetu, kwa kuwa hakuuzwa.

Nyeri. Mimi huuza dawa za mifugo karibu na Majengo, na nilishuku ndigana kali, homa inayoletwa na kupe. Nikafunga duka, nikabeba dawa na sindano. Mama alinisindikiza hadi barabarani, hataki kusikia.

"Ati kupe? Huyo hajawahi kuumwa na kupe hata moja. Nilikuwa nampiga dawa kila wiki."

Naro Moru matatu ilisimama kidogo. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na wapagazi walikaa tu wakingoja wageni. Nilimpigia Nyambura tena.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Alivimba tezi chini ya sikio, Yeyo akamchoma na chuma cha moto. Uvimbe ukashuka, tukajua amepona. Sasa anapumua vibaya."

Yeyo ni mama mkwe wake. Nilikata simu nikiwa na hasira, kwa maana dawa ya ndigana hutaka kuwahi.

Kutoka Nanyuki nilipata lifti katika lori la mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akirudi bila mzigo. Nilipomweleza habari ya ndama wetu wa kizungu, alinicheka kwa upole.

"Ndama wa gredi Doldol? Hao ni watoto wa bweni. Wakikohoa tu, wanataka kurudi kwao."

Mashamba yaliisha, ikabaki nyasi kavu na miiba.

Doldol nilimkuta ndama amelala kivulini, povu puani. Nilimdunga sindano, ingawa nilijua nimechelewa. Yeyo alisimama kando yangu.

"Zetu nikichoma zinapona," akasema. "Hii imekataa."

Niliwatazama ndama wake, kupe masikioni, wakirukaruka. Hao huumwa tangu wazaliwe, na anayepona hubaki na kinga. Chuma kilikuwa kikipewa sifa isiyo yake. Nilimweleza hivyo.

"Na huyu wenu?"

"Huyu wetu hakuwa anajua kupe, Yeyo."

Yeyo aliketi chini, akampakata kichwa ndama mpaka akafa, kabla jua halijatua. Niliumia, na niliumia zaidi kwa ajili ya mama.

Asubuhi Yeyo alifungua kamba, akaiosha, akanipa. "Mpelekee mama yenu. Mwambie nilimshika kichwa."

Nyeri tena. Mama alikuwa bandani na ndama wa pili, mdogo wake yule aliyekufa. Nilimpa kamba na maneno ya Yeyo, kisha nikamweleza habari ya chanjo: ndama hupewa ugonjwa wenyewe, pamoja na dawa ya kuuzuia, apate kinga kabla ya kukutana na kupe.

"Nimpe ugonjwa kwa mkono wangu?"

"Kwa mkono wa daktari, mama."

Nilichojifunza ni kwamba wote wawili walimpenda ndama yule, mama kwa dawa na Yeyo kwa chuma, na mapenzi yao hayakutosha. Sikumwambia mama hayo. Alikuwa ameshika kamba, anaigeuzageuza. Kisha akamfunga nayo ndama wa pili.

"Mwite huyo daktari," akasema. "Njeri bado anataka maziwa."