Mtuhumiwa Ndiye Dereva

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Kaunta, na hata wahalifu wazoefu hawakumjua kwa jina jingine. Alikuwa sajenti wa polisi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzima ugomvi kabla hajauliza umeanzia wapi. Kila aliyeingia kituoni alimkuta nyuma ya kaunta ya mbao, kiwiko juu, kalamu imechomekwa kwenye nywele chini ya kofia. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na hiyo ilikuwa bahati ya kituo kizima. Sare mpya zilikuwa "njiani" tangu enzi za mkuu wa kituo aliyepita, na kama si fundi yule kutia viraka magotini na kugeuza kola, askari wangekuwa wanalinda raia na mali zao wakiwa nusu uchi.

Gari la kituo lilikuwepo. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu makao makuu walikuja kulikagua kila mwaka na kuondoka wameridhika. Lilikuwa limeegeshwa uani, limeoshwa, na king'ora chake kililia vizuri sana. Lilichokosa ni mafuta tu. Paka alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma, na askari wakawa wanapita pale kwa kunyata wasimsumbue mzazi.

Badala ya mafuta, makao makuu walileta televisheni. Ilikuwa kubwa, ya kutundika ukutani, na iliwekwa pale waliposubiri wenye shida zao. Kutwa nzima ilionyesha askari vijana wenye meno meupe wakishuka kwenye magari mapya, huku maneno yakipita chini: "Polisi wa kisasa. Tutakufikia popote ulipo." Ilikuja na amri kwamba isizimwe saa za kazi. Kwa kuwa soketi nzima ilikuwa moja, feni ndiyo iliyozimwa.

Asubuhi moja aliingia bibi mjane, amebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Aliliweka chini, akalikalia, akahema kwanza.

"Mwanangu," akamwambia Mama Kaunta, "nimefungiwa nje ya nyumba yangu. Mtoto wa marehemu, yule muuza samani, amebadilisha kitasa. Anasema baba yake aliniacha mimi, hakuniachia nyumba."

"Hati ya nyumba ina jina la nani, mama?"

"Langu na la marehemu. Iko kwa wakili, na huyo mtoto mwenyewe anajua."

Mama Kaunta akaandika maelezo yake yote. Alipofunga kalamu, bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, twende."

"Twende wapi, mama?"

Bibi akainua kidole kuelekea ukutani. Kwenye televisheni askari mmoja alikuwa anashuka garini kwa madaha. "Si wanasema mtanifikia popote nilipo? Mimi niko hapa. Sasa nifikisheni nyumbani."

Askari wawili waliokuwa karibu wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi uani. Mama Kaunta hakuwa na pa kukimbilia. Alimweleza bibi ukweli kuhusu gari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yule paka angeweza kuhamishwa.

"Tatizo si paka, mama."

Akaingia ofisini kwa mkuu wa kituo, mtu mpole aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu na hakutaka lolote limkute kabla ya siku hiyo. Mkuu akamshauri amwambie bibi arudi wiki ijayo.

"Wiki ijayo tutakuwa na mafuta, afande?"

"Wiki ijayo huenda akawa amechoka kuja," mkuu akasema, wala hakuwa anatania.

Mama Kaunta alirudi kaunta, akamtazama bibi na godoro lake, akachukua simu yake mwenyewe akampigia muuza samani. Hakumtisha. Alimwambia kuna malalamiko dhidi yake, na angependa kusikia upande wake ana kwa ana.

"Basi njooni," yule bwana akajibu. Alijua vizuri kwamba hawaji.

"Tungekuja, ila nimesikia una gari zuri jipya la kubebea makabati, na sijawahi kuliona. Lilete."

Mtu mwenye kujisikia ukimsifia gari amekwisha. Muuza samani alifika muda si mrefu, amevaa miwani ya jua, ananing'iniza ufunguo kidoleni. Mama Kaunta akampa kiti na kumsikiliza, kisha akamwambia yuko chini ya ulinzi.

"Na sasa," akaendelea, "tunakwenda kufungua ile nyumba."

"Kwa gari gani?"

"Lako."

"Mnikamate, halafu niwaendeshe?"

"Mimi sijui kuendesha. Na askari mwenye leseni yuko likizo."

Yule bwana alitafakari akaona mahabusu palivyo. Palikuwa na joto kali, feni imezimwa, na ndani televisheni inasikika lakini haionekani. Akakubali.

Wakaondoka hivyo: mtuhumiwa kwenye usukani, sajenti pembeni yake amekaa wima na kofia kichwani, na nyuma, kati ya makabati mawili, bibi mjane juu ya godoro lake, ameshika chuma kwa mikono miwili, uso mkavu. Kwenye taa za barabarani watu waliwashangaa. Kijana wa kuuza soda akauliza kuna nini, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kuficha jambo, akamjibu kwa sauti: "Huyu anayeendesha ndiye mwizi wangu. Ananirudisha nyumbani." Abiria wa basi lililokuwa kando yao alikuwa ameshatoa simu.

Nyumbani muuza samani alifungua kitasa kwa mkono wake, akatoa funguo zote, na kwa kuwa majirani walikuwa wamejaa uani, akabeba na godoro mpaka chumbani. Bibi alimwonyesha pa kuliweka. Kisha akamwambia alisogeze kidogo kuelekea dirishani.

Kufikia jioni nchi nzima ilikuwa imeiona ile video. Watu walicheka mpaka wakalia.

Makao makuu hawakucheka. Waliunda kamati kuchunguza aibu iliyolipata jeshi, na kamati ikaja kituoni kwa msafara wa magari matatu, yote matanki yamejaa, moja likiwa limebeba maji ya kunywa ya wajumbe. Madereva waliacha injini zinanguruma nje muda wote wa kikao, ili wakubwa wakitoka wakute kiyoyozi kimeshapooza viti.

"Sajenti," mwenyekiti akaanza, "kwa nini hukutumia gari la kituo?"

"Halina mafuta, afande."

"Kwa nini hamkuomba?"

"Tuliomba. Tukaambiwa siku hizi maombi ni kwa mfumo wa kompyuta."

"Mkatumia huo mfumo?"

"Hatuna kompyuta, afande. Tuna televisheni."

Mjumbe mmoja akakohoa. Bibi mjane, aliyekuwa amekuja bila kuitwa na kukaa benchi la nyuma, akaomba kusema. Akasema hajawahi kuona polisi aliyemsaidia kama huyu, na kwamba usiku ule alilala nyumbani kwake mwenyewe. Mwenyekiti akamshukuru sana, akamweleza kwamba pongezi kwa askari hupokelewa kwa njia ya mtandao.

Uamuzi ulitoka mwezi uliofuata. Mama Kaunta alishushwa cheo, kutoka sajenti kuwa koplo, kwa kosa la kuonekana hadharani katika hali isiyolingana na hadhi ya jeshi. Kuhusu mafuta, kamati ilikuwa kimya.

Alirudi nyumbani na habari hiyo. Alivua shati, akaliweka juu ya cherehani. Mumewe aliangalia zile V tatu za usajenti mkononi, akamwangalia mkewe, akachukua wembe. Alifumua moja, uzi mmoja mmoja, taratibu mno, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kitambaa cha chini yake kilikuwa bado na rangi yake ya zamani, kimekoza, alama ikabaki wazi kuliko ile V yenyewe.

"Nipake rangi ifanane?" akauliza.

"Acha," mkewe akasema. "Waione." Halafu akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na mumewe akamsogezea kiti.

Jambo halikuishia hapo. Mkubwa mmoja wa makao makuu alikwenda nje kwenye mkutano wa polisi wa nchi nyingi, na wenzake wa huko, walioiona video, wakamzunguka kumpongeza. Walidhani ni mpango maalumu. Hakuwasahihisha. Aliporudi, jeshi likazindua "Usafiri Shirikishi", ambapo raia mwema, na hata asiye mwema, anahamasishwa kuwasafirisha polisi kwenda eneo la tukio. Yeye akavishwa nishani ya ubunifu. Kisha ikahitajika mtu wa kuwafundisha maofisa namna mpango unavyofanya kazi, na katika jeshi zima aliyewahi kuufanya alikuwa koplo mmoja tu.

Wakamtumia gari, jeusi, vioo vya giza. Mkuu wa kituo alitoka mpaka mlangoni kumfungulia. Mama Kaunta akaingia nyuma, akavua kofia, na kwa kuwa ndani palikuwa na ubaridi na hakuna aliyekuwa analalamika, usingizi ukamchukua kabla hawajafika taa za kwanza.

Dereva alimwamsha mbele ya hoteli yenye bendera.

"Afande, tumefika. Maofisa wanakusubiri ukumbini."

Alitazama nje, akawaona wamejipanga mlangoni na makabrasha yao.

"Zungusha tena kidogo," akasema, akafumba macho. "Mafuta si yapo?"